Naomba mawazo: sanaa ya kuonyesha maneno yanavyopindishwa na matumizi yetu ya kila siku

Karatasi_Chakavu

Wakuu habari za muda huu. Nina wazo la instalesheni, yani sio picha ya kutundika ukutani, ni chumba kizima mtu anaingia anatembea humo ndani ya kazi yenyewe, na inahusu jinsi tunavyoyatumia maneno ovyo kila siku mpaka yanapinda maana.

Kilichonisukuma ni neno changamoto. Lilikuwa neno zuri jamani. Kitu kinachokuamsha, kinachokutia ari, mtu akikupa changamoto unakunja mikono ya shati unaingia kazini. Sasa hivi mtandao ukikata ni changamoto, mtu kala hela za kikundi ni changamoto, daraja limebomoka ni changamoto, mgonjwa yupo hoi kitandani ana changamoto ya kiafya. Neno tatizo limestaafishwa kimyakimya bila hata kuagwa.

Sasa wazo lenyewe, nachukua neno moja nalichapa kubwa kwenye karatasi, naipiga fotokopi, halafu ile kopi nayo naipiga fotokopi, na kopi ya kopi hivyohivyo, kisha nabandika zote ukutani kwa mpangilio kuanzia mlangoni. Mwanzo linasomeka safi, kadiri unavyotembea herufi zinavimba, matundu ya a na o yanaziba, vidoti vya uchafu wa kioo vinaongezeka, mwisho wa ukuta limebaki doa jeusi tu. Maneno niliyonayo mpaka sasa ni changamoto, mheshimiwa, siasa, mdau, upendo na usanii.

Naomba mniambie ukweli, je fotokopi inabeba ujumbe au ni wazo jepesi? Na kama mnajua wasanii waliowahi kugusa mambo haya nipeni majina nikawaangalie. Maneno ya kuongeza pia nakaribisha.

Mzee_wa_Nukta

Umeanza na "wakuu". Humu kila mtu ni mkuu, hata yule aliyejiunga jana anauliza jinsi ya kubadili nywila. Anzia hapohapo ulipo.

Halafu usanii umeuweka mwisho wa listi kama vile umejipenyeza wenyewe, wakati ndo ulipaswa kuongoza. Mtu akikwambia "acha usanii" hajakusifia hata kidogo, anamaanisha unamfanyia kiini macho. Wewe ukiandika mlangoni KARIBUNI KWENYE USANII nusu ya watu wataingia wameshika mifuko yao. Kazi inayolalamika maneno yamepinda, na jina la kazi yenyewe limeshapinda kabla hujafungua mlango, mimi ningeishia hapo nisingehitaji hata fotokopi 😂

Bibi_Irabu

Mi nimependa, lkn ngoja nikupe wasanii walionijia kichwani nilipokuwa nasoma.

Mtafute Glenn Ligon, Mmarekani. Kuanzia mwaka 1990 alifanya kazi zilizoandikwa kwenye mbao za ukubwa wa mlango, anachukua sentensi moja ya mwandishi Zora Neale Hurston anairudia mstari kwa mstari, herufi moja moja kwa kutumia stensili, yani kibao chenye matundu ya herufi, na rangi nzito ya mafuta. Juu inasomeka vizuri tu. Sasa stensili ikishuka inabeba rangi ya mstari uliopita, inapaka palipo safi, ukifika chini ya mlango unaona weusi unaovuja, maneno huyapati tena. Hapo hakuna aliyefuta kitu, ni kule kurudia kwenyewe. Ni ndugu kabisa wa fotokopi zako na imefanywa kwa mkono, kwa hiyo ujiandae kuulizwa wewe umeongeza nini.

Mwingine ni Alvin Lucier, huyu wa sauti. Mwaka 1969 alirekodi sauti yake akiongea chumbani, akaicheza kwa spika ndani ya chumba hichohicho huku anairekodi upya, akaicheza ile rekodi mpya akairekodi tena, akaendelea hivyo. Kila chumba kina masafa yake ya sauti kinayoyapenda, hayo yanazidi nguvu kila mzunguko na mengine yanafifia, mpaka mwisho maneno yameyeyuka yote imebaki milio kama ya kengele na mapigo ya sentensi tu, unahisi mtu anaongea lkn hujui anasema nini. Kwangu hii inasema jambo ambalo fotokopi haisemi. Kwa Ligon unaona mkono wa anayerudia, kwa Lucier anayekula maneno ni chumba. Sasa na wewe jiulize kwenye wazo lako mkosaji ni nani, msemaji au chumba? Maana fotokopi ni mashine, haina nia, na nadhani hapo umemruhusu kila mtu atoke bila kuguswa.

Sikio_la_Tatu

Mimi nitapinga, msinune.

Kwanza hakuna neno linalokufa kwa kurudiwa. Ukirudia neno moja mfululizo kweli linageuka kelele mdomoni, hilo Leon Jakobovits aliliandikia tasnifu chuo kikuu cha McGill mwaka 1962, lkn ukinyamaza kidogo maana inarudi yenyewe. Kwa hiyo wingi wa kusemwa sio sumu. Maneno tunayoyasema kuliko yote, maji, njoo, mama, mbona yapo palepale?

Pili neno kuhama maana ndo maisha yake. Siasa kwa wazee ilikuwa pia upole na utaratibu, ukiambiwa fanya kwa siasa unaelewa taratibu, bila kuvunja kitu. Leo "hizo ni siasa" maana yake maneno matupu. Fisadi alikuwa zaidi yule mharibifu wa tabia na wa wake za watu, leo ni mla mali ya umma na nadhani neno limepata kazi nzito kuliko ya mwanzo, sioni hasara hapo. Chukua msala. Ni mkeka wa kusalia. Ukisema naenda msalani watu wanakuonyesha choo kilipo. Na vijana wakisema "nimepata msala" wana balaa limewafika. Kutoka sala mpaka choo mpaka matatizo na hakuna hata mtu mmoja anayechanganyikiwa akisikia, muktadha unamuelekeza. Balaa lenyewe siku hizi ni sifa, fundi balaa, kipa balaa. Kali, hatari, noma, vyote vilikuwa vibaya sasa vinapigiwa makofi. Na safari yetu Waingereza wameichukua wakaifanya iwe kwenda kuangalia wanyama tu, sisi bado tunasafiri kama kawaida.

Tatu na hili ndo kubwa, fotokopi zako zinadanganya. Wewe unaonyesha UMBO likichakaa. Lkn tazama neno changamoto, limechakaa wapi? Herufi zote zipo, linang'aa, limepigwa pasi, linasomwa kwenye hotuba na kila mtu anaitikia kwa kichwa. Tatizo lake ni hilohilo kwamba linaonekana zima. Doa jeusi mwisho wa ukuta linamwambia mtazamaji "utaliona likiharibika", wakati kwenye maisha hatuoni kitu.

Bibi_Irabu

Sikio hapo kwenye tatu umenikamata. Na kumbe ipo kazi ya namna hiyo, Xu Bing wa China. Alichonga kwenye mbao kama alama 4,000 zinazofanana na maandishi ya Kichina kwa miaka kadhaa, akachapa vitabu na karatasi ndefu zinazoning'inia darini, akaonyesha Beijing mwaka 1988. Uchapaji wa kifahari, umbo la kitabu cha heshima kabisa, na hakuna alama hata moja yenye maana, zote kazibuni yeye. Hata aliyesoma Kichina maisha yake yote hatoki na neno. Umbo zima, ndani tupu. Hiyo ndo changamoto bila kasoro, na naomba mnisamehe kwa neno.

Lkn la kwanza na la pili siafiki yote. Unasema hakuna anayechanganyikiwa. Balaa sawa. Changamoto je? Mkutano mzima unaweza kwisha watu wamesikia changamoto zimetatuliwa, changamoto zipo, changamoto zinafanyiwa kazi, na wakitoka nje hakuna anayeweza kukwambia nini hasa kimeharibika na kimeharibiwa na nani. Huko nako ni kuhama maana kwa kawaida?

Sikio_la_Tatu

Hapana, hiyo ni aina nyingine, na nilitaka mfike hapo wenyewe. Michel Bréal, Mfaransa, kwenye kitabu chake cha mwaka 1897 kuhusu maana za maneno aliwajibu watu waliodhani maneno yana tabia ya kuharibika kwa asili. Akasema kinachoonekana kama neno kushuka hadhi ni sisi wanadamu na ile hulka ya kufunika mambo yasiyopendeza. Tunaita kitu kibaya kwa jina zuri, baada ya muda jina zuri linanuka kama kile kitu, tunatafuta jingine. Ndo maana chooni kuna msalani, maliwatoni, uani, kwenda haja, na foleni inaendelea.

Kwa hiyo mimi nagawa mafungu mawili. Maneno ya mtaani yanageuza maana hadharani, mchana kweupe, balaa ikawa sifa na wote tunacheka pamoja. Maneno ya ofisini yanageuza maana kwa kuficha. La kwanza ni mchezo, la pili ndo upotoshaji. Kazi yako ishike la pili uachane na vijana.

Dada_Koma

Huo mgawanyo wako Sikio unapendeza lkn hausimami. Mtaani hakufichwi? "Kapiga hela." "Mpigaji huyo." "Amekula." Hayo ni ya ofisini? Ni ya mtaani kabisa na yanafanya kazi ileile ya changamoto, wizi unageuka ujanja, mwizi anakuwa kama mshambuliaji aliyefunga goli. Mtu anayesema "jamaa kapiga" anasema kwa tabasamu kabisa. Sema "jamaa kaiba" uone tabasamu linavyopotea.

Mi naona swali sio neno limetoka wapi, ni nani anapumua likipinda. Balaa ikiwa sifa hakuna aliyeponea hapo, ni raha tu ya lugha. Changamoto ikiwa wizi kuna mtu kapona. Tena angalia nani anaanza kulisema. Aliyeibiwa hasemi nimepata changamoto, anasema nimeibiwa, kwa kelele. Aliyekuwa ameshika ufunguo wa kabati ndo anasimama anasema kumejitokeza changamoto. Na angalieni hicho kitenzi, KUMEJITOKEZA, kama uyoga, hakuna mtu aliyefanya. Neno halipindi peke yake, linapinda pamoja na sarufi inayomuondoa mtendaji kwenye sentensi. Kumetokea, imebainika, imeonekana, yalifanyika makosa. Ukichukua neno peke yake ukalitundika ukutani umelipoteza hilo lote. Karatasi_Chakavu tundika sentensi, sio neno.

Kabati_la_Vidahizo

Nimewahi kukaa karibu na kazi za kamusi kwa hiyo nachangia upande huo.

Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford haikuandikwa na wazee waliokaa mezani wakaamua neno fulani maana yake hii. Watu wa kujitolea walitumiwa wito wasome vitabu, wakute neno limetumikaje, wanakili sentensi kwenye kipande cha karatasi na mahali walipoitoa, watume. Mhariri James Murray alijengewa banda la kazi lenye kuta za vishimo vya kupangia vipande hivyo. Vilifika mamilioni. Sehemu ya kwanza ilitoka 1884, wakamaliza 1928, Murray mwenyewe alishafariki. Maana ya neno kwenye kamusi ya namna hiyo inatoka chini, kwenye rundo la sentensi, inapanda juu.

Sasa kwa nini chumba chako kisiwe hilo banda? Ukuta wa vishimo, kila kishimo neno moja. Juu ya kishimo kuna kadi imechapwa vizuri ina maana ya neno kama kamusi inavyosema. Chini kuna vipande vya karatasi na penseli, mgeni anaandika sentensi aliyoisikia kweli, anatumbukiza. Kila baada ya siku kadhaa unatoa vipande unasoma unaandika UPYA ile kadi ya juu kwa kufuata vipande tu, bila huruma, kwa lugha kavu ya kamusi. Baada ya muda kadi itasema "changamoto, nm, hasara ambayo msemaji hataki kutaja aliyeisababisha". Kadi mpya unaibandika juu ya ile ya kwanza ila unaacha ukingo, ili mtu akitaka afunue aone zilizo chini.

Kuna msanii Joseph Kosuth, 1965, aliweka kiti, picha ya kiti yenye ukubwa wa kiti chenyewe, na maelezo ya kamusi ya neno kiti, vitatu pamoja. Kila inapowekwa kwingine kiti kinachaguliwa kingine na kinapigwa picha palepale, karatasi ya kamusi inabaki ileile. Wewe ungekuwa umeigeuza, kwako kinachobadilika ni karatasi ya kamusi. Na jibu la Bibi_Irabu la umeongeza nini linakuwepo.

Karatasi_Chakavu

Nimesoma yote zaidi ya mara moja, asanteni sana, hata nyie mliokuja kunipinga.

Fotokopi naziacha. Naumia kidogo manake zilikuwa zinapendeza kwa macho, lkn hoja ya Sikio kwamba neno lililopotoshwa linabaki linang'aa siwezi kuizunguka. Nachukua vishimo na kadi. Na kwenye kile kipande cha karatasi naongeza sehemu kutokana na alichosema Dada_Koma, yani mgeni haandiki sentensi tu, anajaza NANI ALIMWAMBIA NANI, na ALIMAANISHA NINI. Sitaki majina, nataka vyeo au uhusiano, bosi kwa mfanyakazi, mpenzi kwa mpenzi, mweka hazina kwa wanachama. Nadhani hapo ndo kazi itauma. Ukisoma vipande vya kishimo kimoja kwa pamoja utaona neno linashuka kutoka kwa nani kwenda kwa nani.

Ninachosita ni kuondoa maneno ya mchezo, balaa na kali na wenzao. Sikio anasema yatoke. Mimi naona yakae, maana bila hayo chumba kitakuwa mahakama, watu wanaingia wanahukumu maneno ya wakubwa wanatoka wasafi. Balaa likiwa jirani na changamoto mgeni atalazimika kupambanua mwenyewe lipi limehama na lipi limefichwa. Na upendo nalo lina shida yake, halimfichi mtu, limetanuliwa tu mpaka linatosha kila kitu, sijui liingie kishimo gani.

Sikio_la_Tatu

Sawa yakae, ila usiyape maelezo. Ukiandika pembeni "hili ni mchezo, hili ni upotoshaji" umeharibu. Na kwenye upendo usihangaike kulipangia, vipande vitakwambia.

Tahadhari moja, wewe unayeandika upya kadi ndo mwenye nguvu kuliko wote humo chumbani. Ukichagua vipande vinavyokufurahisha umefanya kilekile unachokilalamikia. Weka vipande vyote ulivyovitumia wazi, vitobolewe vitundikwe kwa kamba chini ya kadi, anayebisha asome mwenyewe.

Dada_Koma

Naunga mkono. Na usiipake kadi plastiki, ikishawekwa plastiki watu wanaiheshimu kama sheria.

Kabati_la_Vidahizo

Mambo ya kiufundi basi. Karatasi ngumu kidogo, nyepesi inajikunja kishimoni huitoi. Penseli zifungwe kwa uzi, kalamu za wino zitaondoka na wageni. Kipande kisizidi kiganja, ukimpa mtu nafasi kubwa atakuandikia historia ya maisha yake na sentensi yenyewe hutaiona. Matusi yatakuwepo, yasome, ukikuta ni neno ndani ya sentensi ya kweli liache, ukikuta ni mtu anamlenga mtu mwingine toa. Na tarehe, kila kipande kiwe na tarehe jamani, kipande bila tarehe kwenye kamusi hakina kazi.

Mzee_wa_Nukta

Mi natanguliza kipande changu usije sema sijachangia:

NENO: sasa hivi.
SENTENSI: "Namalizia sasa hivi, we njoo tu."
NANI ALIMWAMBIA NANI: fundi cherehani kwa mteja.
ALIMAANISHA: kitambaa bado kipo kwenye mfuko uliokileta.

Tarehe sijaweka, nitaiweka sasa hivi.